Makaburi Mawili ya Babu

Eliana hapandi gari akakaa katikati ya watu. Yuko radhi asimame kutoka Singida mjini mpaka Ikungi ameshika bomba, mkoba begani na mtoto mgongoni, kuliko kubanwa na mtu huku na mtu kule. Wakati wa uchumba mumewe alidhani ni maringo, akamtania kwamba anapenda dirishani kama mke wa mkuu wa wilaya. Eliana alicheka tu. Kuna mambo huwezi kumweleza mtu kabla hajawa wako kabisa, na hata akishakuwa wako yanataka siku yake.

Ilikuwa masika, Eliana akiwa darasa la tatu huko Itigi. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kuazima, yenye kiti kimoja kirefu mbele. Kwenye usukani alikaa mjomba wake Zefania, mkulima wa alizeti na mwinjilisti wa kanisa moja la Shelui, mtu mrefu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mlangoni alikaa mjomba wake mwingine, Idrissa, mkulima wa Mgori, mpole, amepakata begi. Katikati, miguu ameitanua kupisha gia, alikaa Eliana. Nyuma, chini ya turubai, alilala babu yake ndani ya jeneza, na pembeni ya jeneza alikaa mzee Paskali, jirani yao wa Itigi, aliyejitolea kumsindikiza rafiki yake mpaka mwisho.

Wajomba hao wawili walikuwa wa baba mmoja na mama mbalimbali, na kisa chote kilianzia hapo. Babu alizaliwa Mgori akaitwa Rajabu. Akaajiriwa reli, akampenda Rahabu, binti wa Kinyiramba wa Shelui, na wazazi wa binti wakasema mtoto wao hatoki nje ya kanisa. Rajabu akabatizwa, akawa Simeoni. Huyo Rahabu ndiye aliyewazaa Zefania na Dorkas, mama yake Eliana. Rahabu alipofariki akazikwa Shelui, na babu, kabla watu hawajamaliza kumlia marehemu, akarudi Mgori akamwoa Amne, akawa Rajabu tena nyumbani na Simeoni kazini. Amne akamzaa Idrissa. Sikukuu zote zikawa zake. Krismasi alikula pilau Shelui, Idi alikula pilau Mgori, na akiulizwa yuko upande gani alijibu kwamba yuko upande wa pilau. Watu walicheka, naye akapita. Lile jibu alilolikwepa maisha yake yote likaja kumwangukia mjukuu.

Uzeeni, wake wote wawili wakiwa wamekwisha tangulia, babu alibaki Itigi kwenye nyumba yake karibu na stesheni. Alibaki na Eliana, maana Dorkas naye alikuwa amefariki. Haendi kanisani, haendi msikitini, miguu haimbebi tena. Basi aliyoyasema huko chumbani siku zake za mwisho, aliyesikia ni Eliana peke yake.

Zefania alikuja Itigi na jeneza. Idrissa alikuja na basi, na ndani ya lile begi alikuwa na sanda. Hawakugombana. Laiti wangegombana palepale! Zefania alipoona mdogo wake amekubali baba aingizwe kwenye jeneza, akajua amekubali na mazishi ya Shelui. Idrissa naye aliona jeneza ni chombo tu cha safari, maana maiti husafirishwaje kwenye pikapu, na alipoona kaka yake haulizi habari ya sanda, akajua wamekubaliana Mgori. Kila mmoja akamshukuru Mungu moyoni kwa kumpa ndugu mwelewa. Kila mmoja akajitenga kando, akapiga simu kwao, akasema chimbeni.

Eliana hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba amevaa viatu vyeusi vipya alivyoletewa na Mjomba Zefania, kwamba atakwenda kuishi Shelui kwa Mjomba na mkewe, Mama Benjamin, na kwamba pale mbele kulikuwa na joto. Alitaka kulia lakini hakuwa na pa kuinamia.

Barabara ya Itigi kwenda Manyoni ilikuwa bado haijatiwa lami, na kwenye mbuga udongo ulishakunywa maji siku nyingi. Mvua ilianza tena wakiwa njiani. Zefania aliendesha akinong'ona na gari, mara alisifu, mara alikemea, kisha nyuma ya gari ikateleza taratibu tu, bila kelele, wakaingia mtaroni.

Pikapu ililala ubavu, upande wa Idrissa chini, upande wa Zefania juu. Mlango wa chini ulibanwa na ukuta wa tope. Mlango wa juu ulifunguka kidogo, mvua ikamwagika ndani kwa ndoo, Zefania akaufunga. Mzee Paskali aligonga kioo, akapiga kelele kwamba jeneza limefungwa vizuri, marehemu hana neno, na yeye anakwenda kwenye maboma ya karibu kutafuta ng'ombe wa kuwavuta. Kisha akapotea mvuani.

Wakabaki watatu. Zefania alijizuia kwa usukani asimwangukie mtoto, lakini mikono huchoka, na kila ilipochoka uzito wake ulimjia Eliana, na Eliana akamwendea Idrissa, na Idrissa hakuwa na pa kwenda. Gia ilimchoma goti. Vioo vyote viliingia ukungu. Harufu ya petroli, ya makoti yaliyolowa, na harufu nyingine kutoka nyuma ambayo hakuna aliyeitaja, vyote vilikuwa ndani pamoja nao. Eliana alijaribu kuvuta pumzi ndogondogo ili zisiishe.

Ndipo simu ya Zefania ikalia. Alikuwa Mama Benjamin, naye husema kwa simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Baba Benjamin, kaburi limekwisha! Kwaya imeshafika, na mchungaji ametuma ujumbe anakuja. Mko wapi?"

Zefania alimjibu kwamba wamekwama kidogo, akakata. Mvua iliendelea kupiga bati la juu.

"Kaburi gani, kaka?" aliuliza Idrissa.

"La baba. Pembeni ya mama yangu, kama ilivyo haki yake."

Idrissa akasema kwa upole uleule, "Kaka Zefania, Mgori wamechimba tangu alfajiri. Sheikh anatungoja. Sanda ninayo hapa magotini."

Makaburi mawili, maiti mmoja. Nyie mnaosoma mnaweza kutabasamu. Ndani ya ile pikapu hakuna aliyetabasamu.

Waligombana sasa, ugomvi wote waliouacha Itigi. Zefania alisema baba alibatizwa, aliimba besi kwenye kwaya, alifunga ndoa mbele ya madhabahu. Idrissa akasema baba alizaliwa Mwislamu, akaoa tena Kiislamu, na mkataa kwao ni mtumwa. Zefania akasema usinipigie methali, mimi ndiye mkubwa. Idrissa akasema ukubwa si kumnyang'anya mtu kwao. Maneno yalipita juu ya kichwa cha Eliana, mengine yakimpiga mate usoni. Alipojaribu kuinama, gia ilimzuia. Alipojaribu kuegemea nyuma, alikuta bega la Zefania. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimevaa viatu vipya.

Kisha Idrissa akauliza swali ambalo lilizima kelele zote.

"Nani alimpa baba maji ya mwisho?"

Katika ukoo ule wa Mgori kulikuwa na jambo moja ambalo wala kanisa wala msikiti haukuwahi kuliondoa. Aliyemnywesha mtu maji ya mwisho ndiye mwenye neno lake. Atakachosema kwamba marehemu alitamka, hicho ndicho kinachofuatwa, awe mkubwa au mdogo, mke au mume, na sharti aliseme kabla maiti haijafikishwa kwao. Zefania alilelewa Shelui, lakini alikuwa mtoto wa baba yake. Alilijua hilo vizuri. Wote wawili wakageuza shingo, wakamtazama Eliana kwa karibu kiasi cha yeye kuziona kope zao.

"Ni mimi," alisema Eliana.

"Basi sema, mwanangu," alisema Idrissa. "Usiogope. Baba alitamka nini?"

Eliana alijua. Siku ile hakwenda shule kwa sababu babu alikuwa anatetemeka. Asubuhi, uji wa uwele ukiwa jikoni, babu aliimba wimbo wa kanisani, ubeti mmoja, sauti ikikatika. Mchana akaomba maji. Eliana alimwinua kichwa, akanywa mafunda mawili matatu, mengine yakamtiririka shingoni. Halafu akatamka shahada. Aliitamka polepole, yote, mpaka mwisho, kama mtu anayehakikisha hajaacha kitu. Kisha akaomba ageuzwe upande wa pili, Eliana hakumweza, akakimbia kumwita mzee Paskali. Waliporudi, babu alikuwa ameshakwenda.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo, na hakutaka kuwa nayo. Alimwangalia Mjomba Zefania, mwenye nyumba atakayolala kesho na keshokutwa na miaka yote itakayokuja. Mdogo kama alivyokuwa, alielewa kwamba kuna jibu litakalomfungulia mlango ule na jibu litakaloufunga.

"Aliimba," alisema.

Uso wa Zefania ulifunguka. "Aliimba! Unasikia, Idrissa? Aliimba wimbo gani, mama?"

Eliana akautaja. Zefania akafumba macho, machozi yakamtoka, akauanza wimbo ule palepale kwa sauti ya chini. Idrissa aligeuzia uso dirishani, ingawa dirishani kulikuwa na tope tupu. Mkono wake ulikuwa juu ya begi, unalipapasa kama anayembembeleza mtoto.

Mambo yangeishia hapo, na pengine hakuna ambaye angejua mpaka leo. Eliana hakuwa amedanganya. Babu aliimba kweli, tena siku ileile. Lakini aliuona ule mkono juu ya begi. Alijikuta amebanwa zaidi ya alivyobanwa na miili ya wajomba zake.

"Aliimba asubuhi," alisema. "Maji nilimpa mchana."

Zefania akanyamaza katikati ya ubeti.

"Sikiliza, mama," alianza. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyomtisha Eliana kuliko makelele. "Wewe ni mtoto, ulikuwa peke yako, umechoka. Mtu anayekaribia kufa husema mengi, mengine ni homa tu. Ulisikia akiimba. Sema hilo la wimbo. Hilo si uongo. Ukisema hilo peke yake hujamkosea Mungu, na wote tutapumzika."

"Kaka," alisema Idrissa, "mwache mtoto. Usimkatie maneno."

"Simkatii. Namsaidia."

"Unamfundisha."

"Na wewe uliyemwambia 'sema, usiogope' ulikuwa unafanya nini?"

Mvua ilipungua kidogo, na ndani ya gari Eliana alisikia pumzi za wajomba zake, moja huku, moja kule. Alitamani mzee Paskali arudi. Alitamani gari lizame lote. Alimwomba Mungu, akashindwa kujua amwombe kwa namna ya nani, ya Mjomba huyu au ya Mjomba yule, akaishia kusema Mungu, Mungu, bila kuongeza kitu.

"Haya," alisema Idrissa ghafla. "Tumpeleke Shelui. Nimekubali. Sitaki mtoto huyu apate wazimu kwa ajili yetu. Mungu anamjua baba popote atakapolala."

Hapo njia ya kutoka kwenye ugomvi ilifunguka wazi kabisa. Zefania alikuwa amepata alichotaka, bila hata uongo, na angeweza kusema asante ndugu yangu, yakaisha. Eliana naye angeweza kunyamaza. Lakini babu alikuwa amemwachia neno lake yeye, si Idrissa wala si Zefania, na alihisi akilimeza leo litakaa tumboni mwake mpaka uzeeni. Akaanza kulia, kilio cha kwikwi, na kati ya kwikwi akasema:

"Alitamka shahada. Alikunywa maji, akatamka shahada yote. Mjomba, nisamehe."

Zefania hakumsamehe wala hakumgombeza. Aligeuza uso mbele, kwenye kioo chenye ukungu ambacho hakionyeshi kitu, akakaa hivyo hivyo. Mikono yake ikaacha usukani, uzito wake wote ukamlalia Eliana, na Eliana hakuthubutu kujitikisa. Hata Idrissa hakushangilia. Alivua kofia, akaishika.

Mzee Paskali alirudi na vijana na maksai wanne, wakafunga mnyororo, wakapiga mbinja na mijeledi, gari likatoka kwa mkwaruzo mrefu. Waliwashukuru, wakaendelea. Manyoni walipita bila kusimama. Kwenye lami gari lilikimbia vizuri, Issuna ikapita, Ikungi ikapita, Puma ikapita, na kutoka mtaroni mpaka hapo hakuna aliyesema hata "joto". Simu ya Zefania ililia na kulia. Eliana aliona kwamba akilia tena atachapwa, akajikaza, akatazama viatu vyake vilivyojaa tope.

Singida mjini ndiko njia zinakoachana. Ukishika ya Nzega unakwenda Shelui, ukishika ile nyingine unakwenda Mgori. Kabla ya kufika pale, Zefania aliegesha gari pembeni ya barabara, akashuka. Eliana alimwona kwa kile kioo kidogo cha juu. Alikwenda nyuma, akaweka kiganja juu ya jeneza, akasimama. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mzee Paskali alishuka, akaenda mbali kidogo, akajifanya anakagua tairi.

"Atatupeleka wapi?" alinong'ona Eliana.

"Yeye ndiye mwenye usukani, mwanangu," alisema Idrissa. "Na mimi nilishakubali."

Zefania alirudi, macho mekundu. Akaitoa simu mfukoni, ikawa inalia tena, jina la Mama Benjamin linawaka. Akaizima. Akawasha gari, na walipofika panapoachana, akashika njia ya Mgori.

Mgori walimtoa babu kwenye jeneza, wakamwosha upya, wakamvika ile sanda, wakamswalia. Wanawake na watoto wa kike walibaki nyumbani, kwa hiyo Eliana hakuyaona yaliyofanyika makaburini. Alichokiona ni wanaume wakirudi jioni, na Mjomba Zefania kati yao, peku, suruali ameikunja, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Shangazi mmoja wa kule alimletea maji anawe. Alinawa muda mrefu. Hakumtazama Eliana, na Eliana alilala usiku ule akijua kwamba amepoteza nyumba ya Shelui kabla hajaiona.

Kulipokucha wakaagana. Idrissa alimshika kaka yake mkono kwa mikono yote miwili, akasema tu njia njema. Mzee Paskali alishukia stendi ya Singida kupanda basi la kurudi kwake. Zefania na Eliana wakaendelea na safari wawili tu, kiti kizima ni chao, lakini mtoto alikaa palepale katikati kwa kuogopa kusogea. Nyuma, chini ya turubai, jeneza tupu lilikuwa linagongagonga. Huko Mgori hakuna aliyelihitaji.

Simu ilikuwa bado imezimwa. Nadhani Zefania hakujua aseme nini kwa simu, na ukimwuliza Eliana atakwambia kwamba mjomba wake alikuwa shujaa wa mambo makubwa na mwoga wa mambo madogo. Kwa hiyo Shelui hawakujua. Walikuwa wamekesha, wamepika, wamefunika kaburi kwa maturubai lisijae maji. Pikapu ilipoingia uani kwaya ikalipuka kwa wimbo, wanawake wakapiga yowe, wanaume sita wakakimbilia jeneza, wakalinyanyua kwa nguvu ya wanaume sita. Jeneza likaruka juu kama debe tupu, nusura wawili waanguke chali. Wimbo ukafa sauti moja baada ya nyingine.

Zefania alipanda ngazi ya baraza, akawaambia. Baba amezikwa jana, Mgori, kwa taratibu za Kiislamu, kwa neno lake mwenyewe.

Kelele ziliinuka. Mwinjilisti amemkabidhi baba yake kwa Waislamu! Mzee Chediel, kiongozi wa wazee wa kanisa, aliyekuwa amesimamia uchimbaji wa kaburi lile mvuani na tope lingali kwenye suruali yake, alinyoosha mkono kuwanyamazisha.

"Neno lake kalisikia nani?"

Macho ya Mama Benjamin, aliyejua babu aliishi na nani, yalimwendea Eliana, aliyekuwa bado ndani ya gari, na macho ya uwanja mzima yakafuata. Mzee Chediel akaja mpaka dirishani. Alikuwa na uso wa mtu mwema aliyekasirika, na hao ndio wabaya.

"Shikamoo," alisema Eliana.

"Marahaba. Ni wewe uliyesema babu yako si wa kwetu? Mtoto wa darasa la ngapi wewe? Una hakika na ulichosikia, au kuna mtu alikuambia useme?"

Watu walilizunguka gari. Mlango ulikuwa umebanwa na matumbo yao. Eliana alimtafuta mjomba wake juu ya vichwa vya watu, akamwona anashuka barazani, anakuja, anawasukuma.

"Niulize mimi, mzee," alisema Zefania.

"Namuuliza aliyesikia."

"Aliyesikia alishasema. Alisema mbele yangu jana, tumekwama mtaroni, hana pa kukimbilia. Na ni kweli kuna mtu alimwambia aseme. Mtu huyo ni mimi." Sauti yake, ile isiyohitaji kipaza, ilifika mpaka kwa wapishi. "Nilimwambia atoe nusu ya neno, nusu inayonifaa, aifiche nyingine. Nilimwambia hilo si dhambi. Mimi, ninayewahubiria! Mtoto ananitegemea kwa chakula na kwa kulala, na bado akakataa. Kama kuna wa kuulizwa hapa, ni mimi. Huyu mwacheni ashuke, hajanywa hata chai."

Mzee Chediel alisogea. Watu wakasogea. Zefania akafungua mlango, akamnyooshea mkono, na Eliana akashuka.

Kaburi walilifukia mchana ule, kazi ya kinyonge isiyo na wimbo. Wazee wa kanisa walikaa kikao, wakamzuia Zefania kuhubiri, wengine wakisema kwa sababu ya mazishi, wengine kwa sababu ya yale aliyokiri. Hakubisha na wa huku wala na wa kule.

Jumapili yake, Mama Benjamin alimpeleka Eliana kwenye mkeka wa watoto, mbele kabisa, karibu na mimbari. Mtu mwingine alikuwa anahubiri. Eliana akageuka akamtafuta mjomba wake kwenye viti vya wazee, hakumwona. Alikuwa nyuma mlangoni, wanapokaa waliotengwa na wanaochelewa, peke yake, Biblia imefunguliwa magotini. Eliana akainuka. Mama Benjamin alimwita kwa kunong'ona, hakugeuka. Alipita katikati ya kanisa lote, watu wanamtazama, mpaka nyuma kule.

Zefania aliinua uso. "Nenda mbele kwa wenzako, mama," alisema. "Huku ni kwa wenye makosa."

"Nataka kukaa hapa," alisema Eliana.

Mjomba akasogea kumpisha. Eliana akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu babu afe, akamwomba Mungu bila kujiuliza amwombe kwa namna ya nani.